Padri José Maurício, mjukuu wa watumwa aliyeongoza muziki wa mfalme pale Rio

Kila Brazil wakisimama uwanjani kabla ya mechi, kamera inapita usoni kwa wachezaji mmoja mmoja, unasikia ule utangulizi mrefu wa wimbo wao wa taifa, ala tupu zinapiga na hakuna anayeimba bado, na ukitega sikio vizuri utagundua ule muziki una mbwembwe za opera kabisa. Aliyeutunga anaitwa Francisco Manuel da Silva na ulipigwa hadharani mwaka 1831, haya maneno yanayoimbwa leo yalikuja baadaye sana, yakapitishwa rasmi 1922. Sasa huyu Francisco akiwa mtoto muziki alijifunzia wapi? Alijifunzia kwenye nyumba ya padri mmoja pale Rio de Janeiro, mtaa wa Marrecas, darasa la bure, watoto wa maskini wamejazana humo ndani na mwalimu hana piano ya kufundishia, ana gitaa la nyuzi za waya tu. Padri mwenyewe chotara, bibi zake walikuwa watumwa. Anaitwa José Maurício Nunes Garcia na ndiye ninayetaka kumwelezea leo, kwa kirefu, maana maisha yake yamesimuliwa vipande vipande mpaka yamechanganyika.

Watu wengi ukiwaambia muziki wa klasiki wa Brazil watakutajia Villa-Lobos, na hawajakosea, ila Villa-Lobos amezaliwa 1887. Padri José Maurício amezaliwa 22 Septemba 1767, yaani miaka 120 kabla. Na ukianza kusoma habari zake unakutana na hadithi mbili zinazopingana. Moja inasema alikuwa kipenzi cha mfalme, akavishwa nishani, akala maisha. Nyingine inasema alibaguliwa kwa rangi yake, akanyang'anywa kazi na Mreno, akafa fukara. Mimi nimekaa na habari za huyu padri muda mrefu, nimeanza kwa sababu ya Requiem yake (Misa ya wafu) ambayo nitaifikia, na ninachokiona ni kwamba hadithi zote mbili zina ukweli lakini kila moja ukiishika peke yake inakupoteza, kwa sababu rangi yake ilimfungia milango na palepale muziki ulikuwa mlango ambao watu wa rangi yake waliachiwa. Hilo lisipoeleweka mengine yote hayakai sawa.

Hebu tuanze na hilo. Baba yake, Apolinário, alikuwa fundi cherehani (cherehani zenyewe hazijagunduliwa bado, namaanisha mshonaji wa nguo kwa mkono), mama yake anaitwa Victória Maria da Cruz. Wote wawili watu huru, ila mama zao walikuwa wamepitia utumwa. Baba akafariki mtoto ana miaka sita, akabaki kulelewa na mama na shangazi, wanawake wawili wanahangaika na kazi za mikono mpaka wakapata ada ya kumpeleka kwa mwalimu wa muziki. Mwalimu huyo, Salvador José, naye chotara, na alitokea Minas Gerais.

Minas Gerais ndipo siri ilipo. Karne ya 18 kule kulikuwa na dhahabu, miji ikaota milimani kama uyoga, na kila mji ukajaa makanisa yaliyojengwa na vyama vya waumini, chama cha Wazungu, chama cha machotara, chama cha Waafrika, kila chama kina mtakatifu wake na sikukuu yake na kila sikukuu lazima iwe na muziki wa maana la sivyo jirani atakucheka. Kwahiyo wanamuziki walihitajika wengi sana na walilipwa kwa mkataba wa sikukuu. Sasa nani wafanye hiyo kazi? Mzungu mwenye hadhi hakufanya kazi ya mikono, na muziki wakati huo ulihesabiwa kazi ya mikono, sawa na kushona nguo, kuchonga mbao, kunyoa ndevu. Ikaangukia kwa machotara huru. Ndio maana ukitazama majina ya watunzi wa Brazil ya enzi zile wengi wao ni watu wenye damu ya Kiafrika, hata mchongaji mkubwa kuliko wote wa Minas, Aleijadinho, mama yake alikuwa mtumwa. Kwahiyo chotara kujua muziki Brazil haikuwa ajabu. Ajabu ni chotara kupewa cheo.

Na hapa José Maurício alifanya kitu cha akili sana, akaomba upadri.

Wito alikuwa nao, mimi siwezi kumhukumu moyo wake, ila tuelewe pia mazingira. Mtoto wa mjane maskini, chotara, anayetaka kusoma Kilatini na falsafa na kuwa na heshima mbele ya watu, njia karibu ilikuwa moja tu, kanisa. Cheo cha kusimamia muziki wa kanisa kuu nacho kilienda vizuri zaidi kwa mtu mwenye kanzu. Shida ni kwamba sheria za kanisa kwenye koloni, zile zilizotungwa Bahia mwaka 1707, zilizuia mtu mwenye damu nyeusi asipewe daraja. Mwombaji alichunguzwa ukoo, wanaitwa mashahidi, wanaulizwa babu ni nani bibi ni nani walitoka wapi. Kuwa na bibi mtumwa kuliandikwa kwenye mafaili kwa maneno haya, "kasoro ya rangi", defeito de cor. Kasoro, kama vile kuzaliwa na ulemavu. Ila sheria hiyohiyo iliweka upenyo, askofu anaweza kukusamehe hiyo kasoro ukiomba. Yaani uandike kwa mkono wako mwenyewe kwamba unakubali una kasoro, kisha uombe usamehewe. José Maurício aliandika, akasamehewa, mwaka 1792 akapewa upadri akiwa na miaka 24.

Mimi hii barua ndiyo inayoniuma kuliko yote kwenye maisha yake. Watu wanaoandika kwamba "Brazil haikuwa na ubaguzi maana chotara alikuwa padri" waisome hiyo sehemu tena taratibu.

Kulikuwa na sharti lingine, padri alitakiwa awe na mali yake ili asije kuwa ombaomba. Yeye hakuwa na kitu, akajitokeza mfanyabiashara mmoja tajiri, Tomás Gonçalves, akampa nyumba, na ndiyo hiyo nyumba ya mtaa wa Marrecas. Sasa angalia alichokifanya nayo. Akaigeuza shule, akafundisha bure karibu miaka 28. Gitaa alilitumia kwa sababu ndilo alilokuwa nalo, ukiwa na gitaa unaweza kumwonyesha mtoto kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), unaweza kumshikia sauti, unaweza kumwekea besi wakati anaimba juu. Sisi wa kwaya tunajua hali hiyo vizuri, mwalimu anayeweza kukutolea sauti nne zote kwa kifaa kimoja kibovu, huyo mshike. Na bado mwenyewe kwenye kinanda alikuwa hatari, wageni waliompata akipiga kwa kubuni papo hapo walishangaa sana, ingawa nyumbani kwake hakuwa nacho.

Mwaka 1798 akapewa cheo cha mestre de capela wa kanisa kuu la Rio. Hiki cheo ukikitafsiri "mwalimu wa kwaya" utakuwa umekaribia ila ni zaidi. Anatunga muziki wa ibada zote za mwaka, anafundisha waimbaji, anapiga kinanda, anasimamia wapigaji, anatafuta watu wa kunakili noti, na kwenye sikukuu anasimama mbele. Kazi ya watu watano kwa mtu mmoja. Na lile kanisa kuu lenyewe lina historia yake, maana halikuwa la askofu. Lilikuwa kanisa la Rosário na Mtakatifu Benedikto, mali ya chama cha Waafrika, watumwa na walioachiwa huru, walichanga fedha zao wakalijenga. Kanisa kuu la zamani lilikuwa limechakaa, ikabidi mapadri wakubwa wa jimbo wahamie kwa Waafrika mwaka 1737, wakakaa humo miaka 70 hivi, wanagombana na wenye nyumba karibu muda wote. Kwahiyo chotara mjukuu wa watumwa anaongoza muziki wa askofu ndani ya kanisa lililojengwa na watumwa. Kanisa bado lipo, mtaa wa Uruguaiana katikati ya mji, ingawa ndani liliteketea kwa moto mwaka 1967.

Na hao Waafrika wa Rio hawakutoka Angola na Kongo tu. Kadiri miaka ya 1810 ilivyosonga meli nyingi zaidi zilikuwa zinatoka Msumbiji, bandari ya Quelimane na kile kisiwa chenyewe cha Msumbiji, zimezunguka rasi ya kusini na watu wa huku kwetu upande wa Bahari ya Hindi ndani yake, zinashusha pale gati la Valongo. UNESCO wanakadiria watu kama laki 9 walishukia hapo. Hii ni umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mahali ambapo padri wetu anapanga sauti za Misa. Mjue tu kwamba muziki huu mzuri ulitungwa mji ambao hali ndiyo hiyo.

Sasa ukafika 1808, mwaka uliogeuza kila kitu. Napoleon kaivamia Ureno, familia ya kifalme imepanda meli mwishoni mwa Novemba 1807 na watumishi wao na makaratasi yao, na mwezi Machi wakaingia Rio. Fikiria mji wa koloni wenye watu kama elfu 60, ghafla ndio makao makuu ya ufalme. Dom João, wakati huo mwana wa mfalme anayetawala kwa niaba ya mama yake, aliposhuka alitaka kwanza aende kanisa kuu kumshukuru Mungu, na kanisa kuu ndiyo hilo la Waafrika. Wimbo wa shukrani ukaimbwa humo, na muziki wa hapo ulikuwa chini ya José Maurício.

Dom João alikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, muziki. Ukoo wao wote ule wa Bragança walikuwa hivyo. Alipomsikia huyu padri hakuamini kwamba hajawahi kuvuka bahari wala kusoma Ulaya. Mwaka huohuo akaanzisha kanisa la kifalme kwenye kanisa la Wakarmeli karibu na ikulu, na tarehe 26 Novemba 1808 akasaini kwamba José Maurício ndiye mkuu wa muziki wa hapo, mshahara reis (fedha ya Ureno) laki 6 kwa mwaka. Mwaka unaofuata ikaja ile hadithi ya nishani, inasimuliwa kwamba baada ya José Maurício kupiga kinanda ikulu, Dom João alifurahi mpaka akaichomoa nishani ya Kristo kwenye koti la bwana mkubwa mmoja aliyesimama pale karibu na kumchomekea padri kifuani. Kama ilikuwa hivyohivyo au imeongezwa chumvi sijali sana, nishani yenyewe alipewa kweli 1809, na hiyo nishani kwa desturi haikuwa ya watu wenye "kasoro".

Ila tuliangalie na gharama yake. Kati ya 1808 na 1811 alitunga kazi karibu 70. Sabini, kwa miaka mitatu! Misa, zaburi, nyimbo za alfajiri za sikukuu, muziki wa maigizo ya ikulu, na huku anafundisha, anapiga kinanda, anaongoza. Afya yake ilianza kulegea hapohapo. Na kuna watu waliotoka Lisbon, wanamuziki na makasisi, waliokuwa wananung'unika kwamba wanaongozwa na chotara wa koloni. Huyu mtu alitunga kama anayejua kiti chake hakijakaza misumari.

Juni 1811 akatia nanga Marcos Portugal. Sasa hapa ndipo hadithi inapopotoshwa zaidi, wengi wanamchora kama shetani. Ukweli ni kwamba Marcos Portugal wakati ule alikuwa mtunzi wa Kireno mwenye jina kubwa kuliko wote duniani, opera zake zimepigwa Italia nzima na miji mingi ya Ulaya, na alikuwa mwalimu wa muziki wa watoto wa mfalme. Dom João alimwita, na alipofika asingeweza kumweka chini ya mtu mwingine. Kwahiyo rangi pekee haielezi. Ila pia usiseme rangi haikuwemo, maana José Maurício hakufukuzwa, mshahara uliendelea, alibaki kwenye orodha, lakini sikukuu kubwa zote zikaenda kwa Marcos na yeye akaachiwa za pembeni, na hakuna aliyeona sababu ya kuuliza kama hilo ni haki. Ndivyo inavyokuwa, mtu haambiwi ondoka, anaacha tu kuitwa.

Na ladha nayo ilikuwa inabadilika. Muziki wake wa kabla ya 1808 ni mtulivu, kwaya ndiyo inabeba, ala chache au kinanda tu, maneno unayasikia moja moja. Mfalme yeye alizoea opera, akaleta waimbaji kutoka Italia wakiwemo wale wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti isivunjike, maarufu kati yao Fasciotti aliyefika 1816. Hawa walikuwa na uwezo wa kuruka noti kama mashine, sasa ukiwatungia wimbo mnyoofu wanajiona wametukanwa. José Maurício akabidi ajifunze kuandika mbwembwe, na akaweza. Wapo wataalamu wanaosema alijiharibu hapo. Mimi siwezi kukubaliana nao, Misa yake ya Conceição ya 1810 ina mbwembwe na ina roho, vyote pamoja.

Halafu 1816. Tarehe 20 Machi malkia Maria wa Kwanza akafariki pale Rio, mama yake Dom João, mzee wa miaka 81 aliyekuwa hana akili timamu miaka mingi. Na siku hiyohiyo akafariki Victória Maria da Cruz, mama yake José Maurício, yule mjane aliyefanya kazi za mikono mtoto asome. Wenzangu, msiba wa kifalme unataka muziki, na chama cha Wakarmeli wakamwagiza yeye atunge Requiem ya malkia. Kwahiyo kakaa mezani anaandika Misa ya wafu ya mama wa mfalme huku ana msiba wake.

Sisi Wakatoliki wa huku yale maneno tunayajua kwa Kiswahili tangu utotoni, raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Kayaandikia muziki kwenye re minor, ufunguo uleule wa Requiem ya Mozart, na ukiijua ya Mozart utasikia kwamba huyu padri alikuwa ameisoma ikaisha, maana alikuwa na maktaba ya noti ambayo mgeni hakutegemea kuikuta Brazil. Ila siyo nakala. Mozart anakutisha, huyu hakutishi. Besi zinaingia chini taratibu na kwaya nzima inapanda kama watu wanaonyanyuka kutoka kupiga magoti, wamechoka. Mimi naimba sauti ya nne, nilipofungua noti zake kwa mara ya kwanza niliimba ule mstari wa besi peke yangu chumbani, hauna makubwa, hatua ndogo ndogo, na nikajikuta nimenyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Nguvu yote iko kwenye kile asichokiongeza. Hii ndiyo kazi yake ninayoiweka juu ya zote na sijali nani atabisha.

Mwaka huohuo akaja Rio Sigismund Neukomm, Mwaustria mzaliwa wa Salzburg, mwanafunzi wa mtunzi mkubwa Haydn kabisa, mtu aliyekuwa na uwezo wa kupima. Akawa rafiki yake. Desemba 1819 José Maurício akaongoza Requiem ya Mozart pale Rio, na Neukomm akaandika habari ya siku hiyo kwenye gazeti la muziki la Vienna, akamsifu padri waziwazi na kueleza namna alivyojitoa kwa ile kazi. Hebu fikiria, gazeti la Vienna mwaka 1820, wanasoma kwamba ng'ambo ya bahari kuna padri chotara anaiongoza kazi ya Mozart kwa mapenzi hayo. Neukomm alitunga na kipande cha kumalizia ile Requiem, Libera me, akiwa hukohuko Rio.

Aprili 1821 mfalme akarudi Lisbon, mwaka uliofuata Brazil ikajitangazia uhuru, na kwa wanamuziki uhuru ulianza na njaa. Hazina ilikuwa tupu, mfalme mpya Pedro wa Kwanza mwenyewe mpenda muziki lakini fedha hana, mishahara ikakatwa. Posho ya padri ikasimama na shule ya mtaa wa Marrecas ikafungwa. Inasikitisha kwamba palepale 1821 alikuwa ametoka kuandika kitabu cha kufundishia muziki na piano, aliwaandikia wanawe.

Ndiyo, wanawe. Padri alikuwa na familia, mama wa watoto anaitwa Severiana Rosa de Castro, watoto kadhaa. Enzi zile kwenye koloni jambo hilo lilikuwa la kawaida kuliko tunavyofikiri, kila mtu alijua na maisha yaliendelea, ila kisheria watoto walikuwa hawana baba. Mwaka 1828, akiwa mgonjwa, alimtambua rasmi mmoja wao aliyebeba jina lake, José Maurício mdogo, aliyekuja kuwa daktari na mwalimu wa anatomia kwenye chuo cha udaktari cha Rio. Picha ya padri inayojulikana, ukiitafuta kwenye intaneti ndiyo itakayokuja, aliichora huyo mtoto. Vizazi vinne: bibi mtumwa, baba mshonaji, mtoto padri wa mfalme, mjukuu profesa. Na bado padri mwenyewe alifia kwenye umaskini tarehe 18 Aprili 1830, inasimuliwa kwamba alikata roho anaimba wimbo wa Bikira Maria. Marcos Portugal alikuwa amemtangulia Februari ya mwaka huohuo, naye amesahauliwa, hana kitu. Wale wawili tunaowapambanisha kwenye vitabu waliishia mahali pamoja.

Kazi kubwa kabla ya kufa ilikuwa Misa ya Mtakatifu Sesilia, 1826, aliiandika kwa ajili ya chama cha wanamuziki ambacho yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosaini kukianzisha 1784 akiwa kijana. Ni kubwa, ndefu, ya mtu anayejua hatapata nafasi nyingine.

Sasa kwa nini akapotea? Kwa sababu muziki wa kanisa enzi zile haukuchapishwa. Uliandikwa kwa mkono, na siyo kitabu kimoja chenye sauti zote, hapana, kila mwimbaji na kila mpigaji ana karatasi zake tu. Ukipoteza karatasi za sauti ya pili, kazi nzima imekuwa kilema. Panya, unyevunyevu wa Rio, watu wanaoazima wasirudishe, sisi wenye makabati ya kwaya tunaelewa. Watu wachache ndio waliookoa hizi kazi. Bento das Mercês, mtunza noti wa kanisa la kifalme, alikusanya na kunakili maisha yake yote. Baada yake mwandishi Visconde de Taunay akapiga kelele magazetini na bungeni mpaka serikali ikaununua ule mkusanyiko, leo uko maktaba ya shule ya muziki ya UFRJ, chuo kikuu cha serikali kuu pale Rio. Halafu karne ya 20 akaja mama mmoja ambaye kwa kweli anastahili makala yake, Cleofe Person de Mattos, kiongozi wa kwaya. Alipita kwenye maktaba na makanisa, akakusanya karatasi moja moja, akalinganisha miandiko, akarudisha sauti mahali pake, akaimbisha na kwaya yake kuhakikisha, na 1970 akachapisha orodha kamili. Ukiona jina la kazi ya padri likifuatwa na herufi CPM na namba, hizo ni herufi za jina lake. Kazi zilizobaki ni kama 240.

Miaka ya 1970 Requiem ikaingia kwenye mfululizo wa rekodi za watunzi weusi uliotolewa Marekani, ukiongozwa na Paul Freeman, na kutoka hapo dunia ikaanza kuulizia.

Narudi kwenye lile gitaa. Francisco Manuel da Silva, yule mtoto wa darasa la bure, hakuishia kutunga wimbo wa taifa. Ndiye aliyepigania serikali ifungue chuo cha muziki pale Rio, kikafunguliwa 1848, na kwenye chuo hicho akaja kusoma kijana kutoka Campinas anaitwa Carlos Gomes, naye ana damu ya Kiafrika, ambaye mwaka 1870 opera yake Il Guarany ilipigwa La Scala, Milano, ukumbi wa opera wenye heshima kuliko kumbi zote za Italia. Kutoka sebule ya mtaa wa Marrecas mpaka La Scala ni mwalimu, mwanafunzi, na kijana aliyesoma kwenye chuo alichokipigania mwanafunzi huyo. Ukiniuliza kazi kubwa ya padri ni ipi kati ya zile 240 nitakujibu Requiem, ila ukiniuliza alifanya nini kikubwa maishani nitakutajia lile darasa.

Kama hujawahi kumsikia usianze na Requiem, ni nzito, itunze. Anza na Tota pulchra es Maria, namba 1 kwenye orodha ya mama Cleofe, ni fupi, dakika chache tu. Aliiandika 1783, ana miaka 16, hajawa padri, hajaomba msamaha wa kasoro yoyote kwa askofu yeyote, ni mtoto wa mjane anayemwambia Bikira Maria kwamba ni mzuri wote na hana doa.